Folda ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo, kitakachotokea tarehe 31 Mei saa sita mchana, cha programu ninayoitumia kusoma makala kila asubuhi. Marehemu mtarajiwa anaacha msomaji mmoja, ambaye ni mimi, na wa pili ambaye sitamtaja. Tangazo nimelikuta leo saa kumi na mbili na nusu, juu kabisa ya orodha, ndani ya kisanduku cha manjano: "Tunawashukuru kwa miaka yote mliyokuwa nasi." Hawakusema wao wanakwenda wapi, wala sisi twende wapi.

Nilimsomea mke wangu kwa sauti ya mtangazaji wa misiba.

"Pole," akasema. "Chai inapoa."

Jumanne, 4 Machi

Daftari hili ni jipya na halinijui, kwa hiyo nijieleze.

Mimi ni fundi wa mizani. Wateja wakinung'unika kwamba kilo ya duka fulani ni nyepesi, au mwenye duka akihisi mizani inamwibia yeye, naitwa mimi. Naifungua, naisafisha, naipima kwa mawe yangu ya shaba, nabandika kibandiko chenye tarehe, naondoka. Kazi hii sikuisomea. Niliijua utotoni kwa kuifungua mizani ya jikoni ya mama na kushindwa kuifunga.

Programu yenyewe ina kazi moja. Kuna watu wanaoandika kwenye blogu zao, mmoja huku, mwingine kule, bila kuambizana. Mmoja wao akitoa kitu kipya, programu inakileta. Kisichosomwa kina herufi nzito nyeusi. Ukishakifungua kinageuka kijivu. Kando ya kila folda kuna nambari ya makala zilizobaki. Mimi husoma kabla ya kwenda karakana, mpaka nambari ifike sifuri, ndipo navaa viatu. Kwa miaka tisa sijawahi kulaza hata makala moja.

Nina Bwana Kutu, anayefufua makufuli ya kale. Nina postamasta mstaafu anayepiga picha za milango ya watu na kukisia nani anaishi nyuma yake. Nina mama mmoja anayeandika hali ya hewa ya mtaa wake tu, na mtaa una nyumba kumi na mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mizani ya bucha, kutu kwenye springi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameenda kwenye kikundi chake cha akina mama, kama kila Jumapili alasiri. Nimebaki na mvua, basi acha niandike habari za yule msomaji wa pili.

Folda ziko mbili. Moja yangu, moja ya Dada.

Dada amenizidi miaka saba. Alikuwa katibu muhtasi katika ofisi kubwa, akaijua kompyuta wakati wenzake bado wanaifunika kitambaa. Ndiye aliyefungua akaunti. Alifungua moja, akaigawa katikati kama alivyokuwa akitugawia muwa: folda yake, folda yangu, neno la siri moja. Tulisoma asubuhi kila mtu kwake, na ikifika saa mbili simu yangu inalia. Hakuna salamu. "Umeiona ya kuku?" Maana yeye alikuwa na mwanamke wake anayefuga kuku na kuwaandikia wasifu wakifa. Kuku alikuwa anatajwa alikozaliwa, tabia yake, maadui zake, na alivyoaga dunia. Dada alikuwa akinisomea kwenye simu huku anacheka mpaka anakohoa.

Sasa ni miaka mitatu hatuongei. Mama aliugua akiwa kwa Dada na akafia kwa Dada, nami nikapata habari jioni, kama jirani. Mbele ya watu waliokuja kutupa pole nikasema Dada alimficha mama yangu ili amfaidi peke yake mpaka mwisho. Nikasema na jina lake lisitajwe tena nyumbani kwangu. Mke wangu ni mtu wa kushika neno. Halijatajwa.

Ila neno la siri Dada hakulibadilisha. Mimi pia sikulibadilisha. Makala zake sizifungui, maana kufungua makala ya mtu ni sawa na kufungua barua yake. Lakini orodha naiona, siwezi kusoma simu kwa jicho moja. Nambari yake inapanda, inashuka. Ikishuka najua amekaa mahali, amevaa miwani, anasoma. Zamani alimaliza siku hiyo hiyo. Tangu tugombane anachelewa wiki nzima: makala ya Jumatatu inageuka kijivu Jumatatu ya pili. Sababu naijua. Hataki tukutane humo ndani. Dada akinuna, hununa kwa ratiba.

Hicho tu ndicho ninachojua juu ya Dada: kwamba yupo, na kwamba anasoma. Programu ikifungwa, nacho kinakwenda.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwendea Mama Fotokopi. Ana duka la kurudufu karatasi, mlango wa pili kutoka karakana yangu. Mambo ya simu anayajua, mambo ya watu anayajua zaidi.

"Programu ya kusoma, Fundi? Si zimejaa tele. Watu wanasoma mpaka chooni."

"Nataka itakayoniletea watu niliowachagua mimi. Kwa kufuata tarehe. Halafu iishe."

"Iishe?"

"Iishe. Ninyanyuke, niende kazini."

Alinitazama kana kwamba nimeomba viatu vya mguu mmoja. "Kitu kinachoisha nani akutengenezee siku hizi? Si utaondoka!"

Hata hivyo alinipakulia moja. Nyingine akasema nitafute mwenyewe, nikikwama nirudi, lakini nisirudi saa ambayo wanafunzi wanakuja kurudufu.

Ijumaa, 14 Machi

Programu ya kwanza ni ya picha. Makala ya Bwana Kutu kuhusu bawaba imeletwa bila maneno, ikabaki bawaba yenyewe, kubwa kuliko mlango wangu. Nimeifuta.

Jumatano, 19 Machi

Ya pili inajigamba kwamba itanijua. Jana nilisoma makala moja ya makufuli. Leo imeniletea habari kumi na tisa za wizi. Mke wangu ameona moja akaenda kuhakikisha dirisha limefungwa. Nimeifuta.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kutwa. Sikutoka.

Jumanne, 25 Machi

Ya tatu hupongeza. Ukimaliza makala moja inarusha fataki: "Hongera! Siku tatu mfululizo!" Nimesoma miaka tisa mfululizo bila kupigiwa makofi na mtu yeyote, na sikujua kwamba ninadai. Jana nilichelewa nusu saa ikaniandikia: "Tumekukosa sana." Mke wangu akauliza ni nani huyo amekukosa. Nimeifuta mbele yake.

Nambari ya Dada leo ni thelathini na moja. Jana ilikuwa thelathini na nne. Kwa hiyo tangazo la manjano analiona kila siku, kama mimi. Yeye pia lazima anatafuta pa kwenda. Najiuliza amepata nini. Ana akili kuliko mimi, atakuwa amepata kitu kizuri na kukinyamazia.

Jumapili, 30 Machi

Nimefanya jambo.

Postamasta ameweka picha ya mlango mmoja uliopakwa rangi mbili, nusu bluu, nusu kahawia, mstari katikati umenyooka kama wa rula. Anaandika kwamba nyumba ni ya ndugu wawili na kila mmoja alipaka upande wake, ila kitasa kiko upande wa bluu, kwa hiyo yule wa kahawia hawezi kuingia kwake bila kugusa rangi ya mwenzake.

Nimeisoma mara tatu. Kisha nimeirudishia weusi wake, kana kwamba haijasomwa, nikaiwekea nyota, nikaihamishia kwenye folda ya Dada. Nilifanya hivyo polepole, kama ninavyoweka jiwe la gramu moja kwa kibanio.

Sikuandika neno. Hamna mahali pa kuandika, na kama pangekuwapo nisingejua nianze na lipi.

Jumatatu, 31 Machi

Bado nyeusi. Nilijua. Nimeangalia tu.

Jumatano, 2 Aprili

Bado.

Jumapili, 6 Aprili

Kijivu!

Kasoma. Siku ya saba, kama desturi yake. Hakuitoa kwenye folda, hakuifuta, hakuiondoa nyota. Kaisoma na kuiacha pale pale. Nimekunywa chai yote ya baridi bila kulalamika, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempelekea nyingine nne. Moja ya Bwana Kutu, kwa kuwa zamani Dada alikuwa akimcheka. Moja ya yule mama wa hali ya hewa: "Nyumba namba saba wameanua nguo kabla ya mvua, namba nane wamezisahau, namba saba wameanua na za namba nane." Mbili za milango. Ile ya kwanza imeshageuka kijivu leo asubuhi. Zilizobaki ninazingoja, na kungoja kwenyewe ni kutamu.

Mtu anayesoma kwa utulivu namna ile, wiki nzima akikipa kila kitu nafasi yake, hawezi kuwa na roho niliyomtangazia mbele ya watu. Nimeanza kuona kwamba pengine hakununa kamwe. Pengine amezeeka tu na anasoma polepole.

Jumamosi, 19 Aprili

Karakana inavuja. Ndoo mbili. Siku ndefu.

Leo nilikuwa na mizani ya mfamasia, zile zinazopima mpaka pumzi yako. Simu ikitetemeka juu ya meza, sindano inaruka. Ndiyo sababu huzima simu nikiwa kazini, na kila mtu anajua hivyo. Nilipoiwasha nikakuta mke wangu amepiga mara mbili, kunikumbusha mkate. Basi, mkate tu. Lakini nikakaa kwenye kigoda, nasikiliza matone kwenye ndoo, nisiweze kuinuka.

Siku mama alipokufa simu yangu ilikuwa imezimwa. Nilisema ni kwa sababu ya kazi, na watu wakakubali, maana wananijua. Hata Dada hakubisha.

Siku hiyo nilikuwa kwenye kinu cha nafaka. Nilikuwa kwenye mizani ya malori. Mizani ya malori ni bamba la chuma lenye urefu wa chumba. Hata ukiirukia haiyumbi, seuze simu. Niliizima kwa sababu Dada alikuwa amepiga mara mbili asubuhi kuuliza nakuja lini kumwona mama, nami nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikasema nitakuja Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Sijawahi kuliandika popote. Sasa nimeliandika.

Jumatatu, 21 Aprili

Zote nne ni kijivu.

Jumatano, 30 Aprili

Imebaki mwezi. Nimejaribu ya nne, ya tano na ya sita. Ya nne inataka kunisomea kwa sauti ya mtu aliyezibwa pua. Ya tano ilikuwa nzuri siku mbili, siku ya tatu haikufunguka. Ya sita sikumbuki ilikuwa na kosa gani. Nilikuwa nimenuna tu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeipata.

Inatisha kwa ukimya wake. Ukurasa mweupe, orodha, tarehe. Ukimaliza inaandika "Umemaliza" na haina kingine cha kukuambia. Wawili wanaweza kuwa pamoja, kila mmoja na folda yake, na kila mmoja anaona mwenzake amesoma nini. Nilimwonyesha Mama Fotokopi.

"Hii hata mimi ingenichosha," akasema. "Ni yako kabisa."

Ina sharti moja. Yule wa pili hawezi kuingizwa na mtu. Lazima apewe namba ya mwaliko, aingie mwenyewe, akubali mwenyewe.

"Sasa huyo wa pili ni nani, Fundi? Au tusiulize?"

"Dada yangu."

Mama Fotokopi aliacha kupanga karatasi. Miaka miwili tumekaa milango miwili na hakuwahi kunisikia nikisema nina dada. Safari hii hakunitania. Alichukua karatasi nene, ile ya vyeti, akaandika namba ya mwaliko kwa herufi kubwa, akaipitisha kwenye mashine akanipa nakala mbili. "Moja ikilowa," akasema.

Jumamosi, 10 Mei

Nilimwambia mke wangu wakati wa chakula cha mchana. "Kesho naenda kwa Dada."

Kijiko chake kilisimama. Nilidhani atafurahi, au atanicheka.

"Nenda," akasema. Kisha: "Unapeleka nini?"

Nikamwonyesha karatasi.

"Usimpe karatasi, Baba. Nenda na mdomo wako."

"Karatasi ina kosa gani? Ni namba tu."

"Nenda na mdomo wako," akarudia, akaondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Jumapili, 11 Mei

Mvua ilipumzika asubuhi, nikaenda kwa miguu. Njia niliikumbuka, ila ukuta wa nyumba yake umebadilishwa rangi. Mlango alinifungulia mpwa wangu, binti yake Dada. Miaka mitatu iliyopita alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, leo ni muuguzi kamili mwenye saa ya kubandika kifuani.

"Shikamoo, Mjomba," akasema, kama mtu anayesoma maneno ubaoni.

"Marahaba. Mama yupo?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani. "Viatu hivyo vinaburuta kisigino cha kushoto. Namjua mtu mmoja tu."

Dada alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha. Amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine. Hakuwa amevaa miwani, nami nikaona ni vizuri, ninamkumbuka akiwa msichana hana miwani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekuja kupima nini? Hapa hatuuzi kitu."

Nikacheka kuliko kichekesho chenyewe. Kisha, kwa kuwa sikujua pa kuweka mikono, nikanyoosha karatasi. Nikaeleza programu inafungwa, nimepata nyingine, nzuri, tulivu, na namba yake ndiyo hii, aingie mwenyewe. Karatasi ikakaa hewani. Dada alikuwa ananitazama begani. Nikaisogeza. Akaendelea kunitazama begani.

Mpwa wangu aliichukua taratibu kutoka mkononi mwangu, akaiweka mezani.

"Mjomba, Mama haoni," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Presha ya macho."

Nilikaa. Sikuambiwa kaa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie wapi?" Dada akauliza, bila ukali. "Ulisema jina langu lisitajwe kwako. Jina lisipotajwa, macho yatatajwaje?"

"Mke wangu anajua?"

"Mkeo yuko hapa kila Jumapili. Ananisuka."

Kumbe kikundi cha akina mama kina wanachama wawili.

Nikasema hapana, haiwezekani, maana Dada anasoma. Nilisema hivyo kweli, kama mwendawazimu, nikimbishia mtu juu ya macho yake. Nikasema nimeona, kila wiki nambari inashuka. Nikasema nilikupelekea mlango wa rangi mbili ukausoma siku ya saba.

"Mlango gani?"

Nikamweleza mlango. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye kitasa akatabasamu kidogo, akasema, "Angehamia dirishani, huyo wa kahawia." Kisha akauliza, "Na yule wa kuku? Bado anaandika?"

"Bado. Orodha naiona, lakini sifungui. Ni zako."

"Sasa si ufungue."

Nikafungua. Ilikuwa mara ya kwanza kugusa folda yake. Nikamsomea wasifu wa tetea mmoja aliyeishi miaka sita na kuchukia rangi nyekundu. Nilipofika kwenye orodha ya maadui zake Dada alianza kucheka, akakohoa, mpwa wangu akaja na maji. Nikasoma wa pili. Nikasoma wa tatu, aliyesumbuliwa na jogoo kilema. Mvua ikarudi. Kwa muda kama wa nusu saa nilikuwa mtu ambaye hakuwahi kusema lolote baya mbele za watu.

Kisha Dada akasema, "Nilipiga mara kumi na moja siku ile."

Mpwa wangu akaenda jikoni.

"Mama alikuwa anakuulizia. Yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kila mara, kwa adabu kabisa: haipatikani. Mama ananiuliza, anasemaje? Nikamwambia anasema yuko njiani."

Nikaiweka simu mezani.

"Najua ulikuwa kazini," akaendelea. "Nimejiambia hivyo siku zote. Ukiwa na mizani huwezi kuwasha simu. Hata uliponitukana nilijiambia, alikuwa kazini, uchungu tu." Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Ilikuwa mizani gani ile?"

Pale ningeweza kusema ya mfamasia. Ningeweza kusema ya sonara. Hakuna ambaye angejua, na angekufa akiamini hivyo, na tungeendelea na kuku.

"Ya malori," nikasema.

Dada ni ndugu wa fundi. Nimemchosha na habari za mizani miaka arobaini. Nilimwona akiitafuta hiyo mizani kichwani, akaipata, akaikanyaga.

"Ya malori," akarudia.

Mikono yake ilikuwa inakunja pindo la kanga na kulikunjua. Nilisema Dada, nisamehe. Nilisema mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

"Nimechoka," akasema. "Nenda nyumbani."

Mpwa wangu alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakunipa mkono.

Jumatatu, 12 Mei

Mizani mbili za soko. Sikusoma chochote leo. Ni mara ya kwanza katika miaka tisa.

Jumatano, 14 Mei

Nilimwambia mke wangu kwamba alipaswa kuniambia. Akasema, "Ulinipa amri, nikaitii nusu. Nusu nyingine nilimpa yeye." Nimerekebisha bawaba ya kabati lake ambayo aliniomba tangu mwaka jana.

Ijumaa, 16 Mei

Kitu kimoja kinanila. Kama Dada haoni, nani anasoma?

Nimefikiri na kupata jibu: mpwa wangu. Atakuwa anamsomea mama yake, siku zake za mapumziko, ndiyo maana inachukua wiki. Kwa hiyo zile tano zilifika, ila kwa mdomo wa mtu mwingine, na Dada alijifanya hazijui ili nimsomee mimi. Ni mjanja vile. Angeweza.

Jumapili, 18 Mei

Mpwa wangu ametuma ujumbe: "Mama anasema usije kwa sasa." Nikamwandikia sawa. Kisha nikamwuliza, kwa upole, kama huwa anamsomea mama yake zile makala asubuhi.

Akajibu: "Makala gani Mjomba? Mama husikiliza redio."

Jumatano, 21 Mei

Mvua zimeanza kuchoka. Ndoo moja.

Jumapili, 25 Mei

Mke wangu amerudi kutoka kwa Dada, akavua viatu, akakaa.

"Anauliza," akasema, "yule jogoo kilema bado yuko?"

Nilisimama kama nimeitwa shuleni. Nikatafuta kwenye folda. Yupo, alitajwa wiki iliyopita, amegombana na bata. Nikaanza kuliandika jibu kwenye karatasi, nikaichana, nikamwambia mke wangu kwa mdomo, neno kwa neno, naye akalirudia mpaka akalishika. Atalipeleka Jumapili ijayo.

"Amesema na mimi niende?"

"Ameuliza jogoo tu, Baba."

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Karakana imekauka, nimeweka ndoo nje.

Saa nne asubuhi nilikwenda kwa Mama Fotokopi anisaidie kuhamisha orodha zote mbili kwenye programu mpya kabla ya saa sita. Yangu na ya Dada, sikuacha hata blogu moja. Alikuwa anapekua mipangilio ya ile ya zamani, akitafuta pa kubonyeza, na mimi nimeshika kiti kwa nyuma. Nikamwuliza, kama mzaha, inawezekanaje makala zigeuke kijivu zenyewe bila mtu kuzisoma.

"Mbona ni kawaida," akasema, akanigeuzia simu. "Soma mwenyewe hapa chini."

Nilisoma. Kwangu nisingeweza kuligundua, maana makala yangu haijawahi kukaa siku saba bila kufunguliwa. Imeandikwa kwa herufi ndogo: "Makala ambayo haijafunguliwa kwa siku saba itahesabiwa kuwa imesomwa. Chaguo hili huwa limewashwa tangu siku ya kujiunga."